Mjukuu Wangu Anaongeza Mbili Kwenye Kila Hesabu, Nimpeleke kwa Mwalimu Yupi?

Nyamirambo, 21 Aprili 1992

Mshauri wetu mpendwa, nakusalimu sana, na msaada ninaouomba ni mdogo tu, ni wa kuchagua mwalimu, usije ukadhani nina matatizo, mimi sina matatizo, mimi ni Maneno Usumani, fundi wa nguo, nina cherehani tatu na mbili kati yake zinafanya kazi, na ukiuliza Nyamirambo nzima ni nani anayekata koti bila kuchora chaki watakuleta mpaka mlangoni kwangu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, maana mtu ukimpa barua akuandikie na yeye anaijua. Shule nilikaa miaka miwili, wa tatu mwalimu akahama, sikumhamisha mimi. Lakini kusoma nasoma, na Kiswahili changu ni cha baba yangu aliyetoka Ujiji, na kwa hesabu hakuna wa kunichezea, mtu akisimama mlangoni pale nimeshajua kiuno chake kabla hajasema habari gani.

Sasa nina mjukuu wa kike, jina lake Shami, mtoto wa binti yangu, miaka kumi na miwili, yuko mwaka wa sita, na mwezi wa sita anafanya ule mtihani wa kitaifa wa kuingia sekondari, na wewe unajua nafasi zenyewe zilivyo, darasa zima wanaingia wawili au watatu, wengine wanarudi kubeba watoto mgongoni. Mimi nimesema Shami anaingia. Nimesema hivyo mbele ya watu wengi, dukani, msikitini, na kwenye harusi mbili. Mama yake yuko sokoni mpaka jioni, kwa hiyo mtoto akitoka shule anakuja kwangu, anakaa mwisho wa meza ya kukatia, anaandika kazi zake za shule, na akimaliza mimi ndiye nasahihisha, miaka mitatu sasa nasahihisha mimi, na kila siku namwandikia sawa, kwa wino mwekundu nilioununua kwa kazi hiyo tu.

Basi mwaka huu alama za hesabu zikaanza kushuka, tatu juu ya kumi, mbili juu ya kumi, siku moja ikaja moja na nusu, nikauliza hiyo nusu ni ya nini, ni ya kumpa pole? Nikaenda shuleni. Mwalimu wa shule, kijana mfupi, akaniambia, "Mzee, mtafutie masomo ya ziada, kundi dogo dogo." Nikamwambia kundi dogo ni wewe. Lakini njiani nilifikiri.

Walimu wa ziada wanaosemwa huku ni wawili. Kuna huyu Silvère wa Gisimenti, ana ukumbi nyuma ya baa, mchana baa imefungwa, watoto wako arobaini na kitu, anapiga makofi na wote wanajibu pamoja mpaka barabarani unasikia saba mara nane, hiyo ndiyo elimu ninayoijua. Na kuna Madamu Mukandayisenga wa mtaa wa chini yetu, mwalimu aliyestaafu, anafundishia kwenye meza yake ya kulia chakula, watoto watano tu, watano! Mimi nilisema mtoto wangu si mgonjwa wa kulazwa chumba cha peke yake. Mwalimu mwenye watu ndiye mwalimu, duka lenye foleni ndilo lenye sukari. Nikampeleka kwa Silvère.

Na wiki ya kwanza tu, mshauri, mtoto akarudi na kumi juu ya kumi! Nilitoka nje na daftari. Kila aliyepita nilimwonyesha, hata muuza mkaa, tena yeye aliniuliza ni bei gani. Wiki ya pili, kumi juu ya kumi. Kisha shuleni wakafanya jaribio, akapata mbili. Binti yangu akaingilia, akauliza taratibu, akajua kwa Silvère watoto wanabadilishana daftari na kusahihishana wenyewe, na anayekaa na Shami ni mjukuu wa Kagabo muuza vitambaa, ambaye Shami alimweleza hesabu zake na yeye akaona ni za kweli.

"Baba," binti yangu akasema, "kule Gisimenti mtoto anajifunza kupiga kelele. Mpeleke kwa Madamu."

"Madamu yupi? Yule wa meza?"

"Yule wa meza. Na usiongee sana, nakuomba."

Mimi siongei sana. Nikaenda Jumamosi, nimevaa koti langu la kijivu, nililishona mwenyewe, halina mkunjo mahali popote. Madamu akatupokea vizuri, watoto wanne wameshakaa, akamwekea Shami kiti cha tano, akanigeukia mimi.

"Mzee, wazazi husubiri nje."

"Mimi si mzazi, mimi ni babu."

"Na babu pia."

"Mimi ndiye mwalimu wake, Madamu."

Akanitazama kidogo, akanipa kiti pale mlangoni, mguu mmoja wa kiti ndani, mitatu nje.

Akamwandikia swali: kamba ya mita thelathini imekatwa vipande vitano vilivyo sawa, kila kipande ni mita ngapi. Shami hata hakukuna kichwa. Akaandika nane. Mimi nikatikisa kichwa kuonyesha nimekubali.

Madamu akauliza, "Nane mara tano ni ngapi?"

"Arobaini."

"Na kamba yetu ilikuwa ya mita ngapi?"

"Thelathini."

"Hizo kumi umezitoa wapi, mwanangu?"

"Ni za mshono, Madamu."

"Mshono wa nini?"

"Kila kipande mbili. Kipimo hakikatwi uchi."

Wale watoto walicheka, mmoja anaitwa Ikirezi alicheka mpaka akashika meza. Madamu hakucheka. Sasa nikueleze, mshauri, ili usinihukumu bila kujua kazi. Hilo neno ni langu. Kipimo hakikatwi uchi, nimemwambia tangu ana miaka tisa, mteja akiwa na kifua cha sentimita tisini hukati tisini, kila upande unaacha sentimita mbili za mshono, usipoacha koti halifungi na mteja anakuletea nduguze. Ni neno la kweli. Na mtoto ana akili, akaona penye kukata pote panaachwa mbili, kamba mbili, mbao mbili, shamba mbili, mikate mbili. Mbuzi hawaongezi, aliniuliza kuhusu mbuzi, nikamwambia mbuzi hawashonwi.

Basi Madamu akaweka kalamu chini, akauliza polepole, "Nani amekufundisha hivi?"

Shami akanitazama. Mara moja tu, akarudisha macho kwenye daftari. Akasema, "Nimebuni mwenyewe, Madamu."

Madamu akasema yeye ana nafasi tano, nne zimejaa, imebaki moja, na kuna mtoto mwingine anayeisubiri. Akasema mtoto asiyejua anamfundisha, hiyo ndiyo kazi yake, ila mtoto anayejitungia sheria zake na kuzishikilia wakati mtihani uko mlangoni, miezi miwili haitoshi kumfumua. Alisema hivyo hivyo, kumfumua, neno la kwetu. Akasema atafikiri, jibu atatoa Jumapili hii inayokuja.

Na mimi nikasema, watoto wa siku hizi, Madamu, wabishi sana.

Ndivyo nilivyosema.

Tulirudi nyumbani, Shami kanibebea mwavuli. Njia nzima nilimweleza habari za koti nililomshonea bwana mmoja mwaka wa sabini na nne. Tangu siku hiyo mtoto akija dukani anaokota pini sakafuni, anazipanga kwenye mto, anakaa. Jana nikamwambia lete daftari nisahihishe. Akasema, "Babu, leo hatukupewa kazi." Na daftari naliona, limetokeza mkobani.

Na si kwamba nilikosea. Lakini jioni hiyo ya Jumamosi nilifunga mlango wa duka nikachukua kamba ya kweli, mita tatu, maana thelathini sina, nikasema nitakata vipande vitano, kila kimoja na mshono wake kama alivyoandika yeye, sentimita themanini themanini. Vikatoka vitatu. Cha nne kikawa kifupi. Cha tano hakikuzaliwa. Nilipima tena nikidhani futi yangu imevutika.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya, nijibu moja kwa moja. Silvère au Madamu? Pili, si kosa la Madamu kutojua kazi za watu? Mtu anafundisha kukata na hajawahi kushika mkasi. Na tatu, kama ingefaa Madamu ajue kwamba kuna babu fulani mahali fulani ambaye labda alimwambia mtoto fulani neno fulani, je, gazeti haliwezi kumwambia, bila babu huyo kwenda mwenyewe? Jina langu usilichapishe. Ukilichapisha, andika fundi wa makoti, usiandike fundi cherehani tu kama hawa wa kuweka viraka.

Barua naileta ofisini kwenu mwenyewe leo Jumanne ili iwahi gazeti la Ijumaa.

Maneno Usumani, fundi wa makoti


GAHONGAYIRE ANAJIBU

Mzee Maneno, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilifika pale mtoto anaposema "nimebuni mwenyewe", na kicheko kikaniisha. Jina lako nimelichapisha na kazi yako nimeitaja kama ulivyotaka, kwa sababu ulilolificha si jina.

Nianze na ulichouliza. Madamu. Wala usirudi kulifikiria. Unasema mwalimu mwenye watu ndiye mwalimu. Haya, wewe mwenyewe unapima wateja wangapi kwa mara moja? Unawapanga arobaini ukutani, unapiga makofi, wote wanakuitikia viuno vyao kwa pamoja? Unamsimamisha mmoja, unazungusha futi, unaona bega la kulia liko chini kuliko la kushoto, na ndiyo maana koti lako linakaa. Mjukuu wako alikaa wiki mbili kwa Silvère na kosa lile lile katika kila daftari, na kosa hilo likapewa kumi juu ya kumi na mtoto wa muuza vitambaa. Kwa Madamu halikumaliza hata dakika tano. Aliuliza swali moja: hizo kumi umezitoa wapi? Miaka mitatu ya wino mwekundu, Mzee wangu, je, wewe umewahi kumuuliza hivyo? Kundi dogo ni dogo ili mtu apate nafasi ya kuuliza swali hilo. Sitaki hata kuongelea mtoto wa kike kurudi jioni kutoka Gisimenti na barabara zetu zilivyo siku hizi, kila hatua chache kuna kizuizi na mtu anasimamishwa.

Swali lako la pili silijibu. Kamba yako imeshalijibu. Na nakusifu kwa hilo, nasema kweli: wapo wasomi wenye vyeti ukutani ambao wasingeifunga milango wakaipima kamba. Ulitaka kujua ukajua. Cha tano hakikuzaliwa. Kilichobaki ni kumwambia mwingine.

Hapo ndipo ninapokukasirikia. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa na wenzake wanne wanaomcheka, na mwalimu mgeni anamuuliza nani amekufundisha, na jibu lilikuwa limekaa mlangoni limevaa koti la kijivu. Angeweza kukunyooshea kidole, na angekuwa amesema kweli. Hakufanya hivyo. Alikubali kuitwa mbishi ili babu yake asiitwe mjinga. Na babu akafanya nini? Akaongezea chumvi kwenye kidonda: watoto wa siku hizi! Mzee Maneno, wewe ni mtu wa kusema mbele ya harusi mbili. Mbele ya meza moja ya kulia chakula ulimi umekwenda wapi?

Na angalia hasara yake. Madamu hakumkataa mtoto anayeongeza mbili. Alisema asiyejua namfundisha. Anachokiogopa ni mtoto anayejitungia sheria, na mtoto huyo hayupo. Shami si mbishi hata kidogo. Shami ni msikivu kupita kiasi, alisikia neno moja la babu yake akalishika miaka mitatu bila kulidondosha. Mtoto wa namna hiyo ndiye kila mwalimu anamtafuta. Nafasi inataka kumponyoka kwa uongo alioutunga kwa kukupenda, na mtu wa kuuondoa ni mmoja tu, na si gazeti. Mimi simwandikii Madamu habari za babu fulani mahali fulani. Sina safu ya kuona haya kwa niaba ya wengine.

Kwa hiyo nenda. Nenda na Shami, asikie. Ukifika usikae, maana ukikaa utaanza hadithi. Sema: "Madamu, neno lile ni langu, nilimfundisha mimi, yeye hajabuni kitu." Kisha nyamaza. Najua ni kazi ngumu. Usitaje sabini na nne. Usimweleze Madamu kwamba koti bila mshono halifungi. Analijua, anavaa nguo. Kama wale wanne watakuwepo, vizuri zaidi, kwa sababu kicheko walimpa mtoto asiyestahili, na wewe mabega unayo mapana, umeyapima mwenyewe.

Akikupa nafasi, kuanzia siku hiyo wino mwekundu uweke mbali. Daftari likija mezani kwako, muulize mtoto amepataje, umsikilize mpaka mwisho hata kama ndani unawaka. Pale asipojua kukueleza, hapo ndipo pa kumpelekea Madamu. Neno lako la mshono usilifute, ni neno zuri na limelisha watu nyumbani kwako. Mwambie tu ni la kitambaa, na swali la kitabuni halishonwi. Ataelewa haraka kuliko wewe, kwa sababu aliwahi kukuuliza habari za mbuzi, na swali lile lilikuwa la mtu anayeanza kushtuka. Ulimjibu kwa mzaha akaenda zake.

Akikukatalia, usigombane naye, wala usimrudishe mtoto Gisimenti kwa hasira. Rudini nyumbani, uniandikie tena, tutatafuta meza nyingine. Ila siku hiyo mtoto atafungua mkoba wake dukani kwako bila kuogopa, na hilo halingoji jibu la Madamu.

Umeniambia Jumapili. Mimi nakuambia leo Ijumaa. Ukitoka kuswali usipite dukani, mpitie Shami shuleni mwende moja kwa moja. Kuna mtoto mwingine anayekisubiri kiti hicho cha tano, na mama yake naye husoma gazeti hili.